Karatasi ya Maabara Si Hukumu: Vipimo vya Pombe Mwilini na Haki Yako



Ndugu yangu unayesoma, haya ni maneno niliyoyasema hapa Isiolo mjini, Jumamosi baada ya Laasiri, mbele ya madereva, vijana na akina mama waliokuja kusikiliza. Wengi walikuwa safarini wakakosa, wakaomba yaandikwe. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema, kwa hivyo ukikuta lugha ya barazani usishangae. Mimi ni mtu wa maabara. Sheria kidogo ninayoijua nimefunzwa na kesi za watu.

Nianze na kijana mmoja. Jina lake nimelificha, na kampuni yake pia siitaji. Ni mzaliwa wa Bulla Pesa, dereva wa lori la Isiolo kwenda Moyale. Asubuhi moja madereva wote waliitwa, kila mmoja akapewa kikombe, akaambiwa aende msalani alete mkojo. Hakuna aliyeuliza kitu. Wiki moja baadaye akaitwa peke yake, akaonyeshwa karatasi: jina lake, tarehe, herufi tatu EtG, na mbele yake neno moja tu la kusema kwamba pombe imepatikana. Akafutwa kazi siku hiyo hiyo.

Hayo ya kazi yangevumilika. Lakini kufika Magharibi picha ya karatasi ile ilikuwa inazunguka kwenye kundi la WhatsApp. Kufika Ijumaa, nyumba aliyokuwa ameposa ilimtuma mzee arudishe posa. Mama yake alimuuliza swali moja: "Mwanangu, ulikunywa?" Akamjibu, "Mama, wallahi sijaonja." Mama akamwambia, "Mimi nakuamini. Sasa ni nani mwingine atakuamini?"

Kijana yule alikuja kwetu na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Swali lake lilikuwa fupi: hii karatasi inaweza kusema uongo? Jibu langu kwake ndilo ninalokuletea wewe leo.

Kabla sijaendelea tuelewane. Sikuja kutetea pombe. Pombe ni haramu kwetu, na hata jirani asiyekuwa Mwislamu anajua imebomoa nyumba ngapi katika mji huu. Ninachokitetea ni jina la mtu. Kipimo cha pombe kina kazi yake nzuri, nitakuonyesha. Lakini kipimo kinajibu swali moja dogo tu, na shida inaanza pale sisi tunapokifanya kijibu maswali ambayo hakikuulizwa.

Pombe ikiingia mwilini inaenda wapi?

Kitu chenyewe kinacholewesha kinaitwa ethanoli. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za ethanoli. Ikiingia, sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 90, inavunjwavunjwa na ini. Kiasi kidogo kinatoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Kwa wastani, damu inapoteza kama miligramu 15 za ethanoli katika kila mililita 100 kwa saa moja. Kwa hivyo mtu aliyelewa usiku, kesho yake mchana damu yake huwa imeshasafishika. Ukimpima pombe yenyewe hutaikuta.

Ndiyo maana wanasayansi wakaanza kutafuta alama. Mfano ni kama ng'ombe aliyepita njiani: ng'ombe humuoni, lakini unaona kwato mchangani. Mfugaji wa Waso akitazama kwato anaweza kukwambia mnyama gani, amepita lini, alikuwa peke yake au kundi. Lakini mfugaji huyo huyo atakwambia pia kwamba upepo hufuta kwato, na kwamba kwato haziandiki jina la mwenye ng'ombe. Alama za pombe mwilini ni vivyo hivyo. Ziko za aina kadhaa, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni pumzi. Hii madereva wote mnaijua, ni Alcoblow. Inapima pombe iliyomo mwilini saa hiyo. Haina habari ya jana.

Ya pili ni EtG, yaani ethili glukuronidi. Hii ndiyo iliyomfuta kazi kijana wetu. Ini likishughulika na pombe, chembe ndogo sana, chini ya moja katika elfu, hugeuzwa kuwa EtG na kutoka kwa mkojo. Inaweza kuonekana siku moja mpaka tatu hivi baada ya kunywa, kulingana na kiasi. Uzuri wake ni ukali wa macho. Ubaya wake ni huo huo: inaona hata kile ambacho hakistahili kuonwa.

Ya tatu ni PEth, fosfatidiliethanoli. Hii inajengeka kwenye ngozi ya chembe nyekundu za damu, na haijengeki bila ethanoli kuwepo. Inapungua polepole, nusu yake kwa kama siku 4 mpaka 10, kwa hivyo inaweza kuonyesha mambo ya wiki mbili mpaka nne zilizopita. Kwa makubaliano ya wataalamu yanayoitwa ya Basel, ya mwaka 2022, chini ya nanogramu 20 kwa mililita ni sawa na mtu asiyekunywa au anayekunywa kidogo sana. Kuanzia 200 kwenda juu ni dalili nzito ya unywaji wa kupindukia wa muda mrefu. Angalia hapo: hata alama hii, iliyo bora kuliko nyingi, chini ya 20 haiwezi kuapa kwamba mtu hajagusa pombe.

Ya nne ni CDT, ambayo ni protini ya kubeba chuma kwenye damu iliyopungukiwa na sukari zake. Hii inapanda mtu akinywa kama gramu 50 mpaka 80 kila siku kwa wiki mbili au zaidi, yaani bia zile za nusu lita kama tatu au nne kila siku. Anayekunywa mwisho wa mwezi tu inaweza isimshike. Na wako watu, hasa wenye asili ya Afrika, waliozaliwa na umbo tofauti la protini hiyo, na baadhi ya njia za kupima huchanganyikiwa nalo.

Ya tano ni vipimo vya ini, kama GGT, pamoja na ukubwa wa chembe nyekundu. Hivi utavikuta hospitali nyingi, na ndivyo vinavyosomwa vibaya zaidi. GGT hupandishwa na pombe, kweli, lakini hupandishwa pia na homa ya ini, unene, kisukari na dawa za kifafa. Chembe nyekundu hukua kwa pombe, na pia kwa upungufu wa vitamini na kwa dawa ya zidovudini wanayopewa baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mtu akikwambia "ini lako linasema wewe ni mlevi", huyo hajasoma.

Ya sita ni nywele. EtG hubaki ndani ya nywele, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kipande cha sentimita tatu kinabeba habari ya miezi mitatu. Lakini dawa za kubadilisha rangi ya nywele zinaweza kuipunguza sana.

Na kwa faida ya watu wa Isiolo, kwa sababu niliulizwa barazani na kila mtu akacheka: hapana, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopima miraa wala muguka. Hayo ni mambo mengine na yana vipimo vyake.

Je, asiyekunywa anaweza kupatikana na alama?

Ndiyo. Hapa naomba usome polepole.

Sanitaiza ya mikono, ile tuliyoizoea wakati wa korona, nyingi yake imetengenezwa kwa ethanoli, mara nyingi zaidi ya asilimia 60. Ukijipaka, mvuke wake unaupumua, na kiasi kidogo kinapita ngozini. Mwaka 2011 watafiti wa Florida, Marekani, walitoa matokeo ya watu waliojipaka sanitaiza kila dakika 5, kwa saa 10 kwa siku, siku 3 mfululizo. Kati yao kuna aliyefika karibu nanogramu 2000 za EtG kwa mililita ya mkojo bila kunywa tone. Hiyo ni sanitaiza ya kupita kiasi, sikatai, ni ya mtu wa wodini. Lakini maabara nyingine huweka mstari wao kwenye nanogramu 100 tu, na nyingine 500. Ukiwa na mstari wa 100, huhitaji kupita kiasi hivyo ili uuvuke.

Maji ya kusukutulia kinywa, baadhi yana pombe. Dawa ya maji ya kikohozi, baadhi ina pombe. Mtu mwenye kisukari ambaye mkojo wake una sukari, kukiwa na hamira au vijidudu ndani yake, sampuli ikikaa kwenye joto, sukari inaweza kuchacha ndani ya kichupa na kugeuka pombe. Na kukiwa na vijidudu fulani vya maambukizi ya njia ya mkojo, EtG yenyewe inaweza kuundwa humo humo kichupani, au ikaliwa na vijidudu hivyo ikapotea. Yaani asiyekunywa anashikwa na mnywaji anaachiliwa, kwa sababu tu kichupa kilikaa juani. Na jua la Isiolo unalijua.

Mamlaka ya Marekani inayoshughulikia matibabu ya uraibu, SAMHSA, ilitoa tahadhari mwaka 2006 kwamba EtG isitumiwe peke yake kumwadhibu mtu, kwa sababu haiwezi kumtofautisha aliyekunywa na aliyeguswa na pombe ya dawa au ya vitu vya nyumbani. Hao ndio waliokuwa wakikitumia kipimo hiki kwa wingi, na wao wenyewe ndio waliosema pole pole.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Nilimuuliza: ndani ya lori unatumia nini? Akasema, "Njia ya Marsabit maji ni shida. Niko na chupa ya sanitaiza kwenye dashibodi. Napaka kabla ya kula, napaka baada ya kushika mafuta, napaka nikitoka kichakani." Madirisha? "Yamefungwa, kuna vumbi." Dawa? "Nilikuwa na kikohozi, nilinunua dawa ya maji duka la dawa." Kuna mtu wa kampuni au wa maabara aliyekuuliza haya? "Hakuna."

Kenya tumeshaona kesi ya namna hii

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Kanuni za kupima pumzi za madereva zilitungwa mwaka 2011, na Alcoblow ikaanza kuonekana barabarani Desemba 2013. Mstari ulikuwa mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Ukiuvuka, una kesi.

Dereva mmoja na wenye biashara ya klabu walikwenda mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zile zimegongana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu kifungu cha 44 cha sheria kilizungumzia mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari. Kanuni zilizungumzia namba. Kushindwa kuendesha ni kosa moja, kuvuka namba ni kitu kingine, na kanuni ndogo haiwezi kuzua kosa ambalo sheria mama haikulitaja.

Hata ukiwa unachukia ulevi barabarani, na mimi nauchukia, nimezika watu, kuna funzo hapo. Serikali yenyewe, na mashine zake na polisi wake, iliambiwa: kabla ya kumhukumu mtu kwa namba, sheria lazima iseme wazi namba hiyo inamaanisha nini. Sasa wewe mwenye lori tano, au wewe msimamizi wa kundi la WhatsApp, umepata wapi mamlaka makubwa kuliko hayo?

Kazi nzuri ya vipimo hivi

Niligeuka upande wa akina mama hapa, na nakugeukia wewe pia, kwa sababu haki ina pande mbili.

Kuna watu wanakunywa na wanaficha. Sisi Waislamu tunaficha zaidi, kwa sababu aibu yetu ni kubwa zaidi. Na kuficha kunaua. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa kama isoniazidi, ambayo peke yake inaweza kulichosha ini. Akiongeza pombe kila siku, ini linapata mzigo mara mbili. Daktari anauliza, "Unakunywa?" Mgonjwa anatazama mlangoni kama kuna mtu wa mtaani kwao, anajibu, "Hapana daktari, mimi Mwislamu." Daktari anaandika hapana. Miezi miwili baadaye macho yamekuwa ya manjano na hakuna anayejua kwa nini.

Mbarara, Uganda, watafiti wa chuo kikuu cha pale pamoja na wenzao wa San Francisco wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Waliwauliza kwa maneno, halafu wakapima PEth kwenye damu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baadhi ya waliosema hawanywi kabisa damu yao ilisema wanakunywa. Hapa kwetu Eldoret, watafiti walipima alama hiyo hiyo kwa wagonjwa waliokuwa wakisaidiwa kuacha pombe. Faida nyingine ni kwamba tone la damu ya kidole linaweza kukaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa, jambo la maana kwa mtu wa Merti au Oldonyiro aliye mbali na maabara kubwa.

Lakini sikiliza walichofanya na majibu yale. Hawakuyabandika ukutani. Hawakumpigia bosi wala shekhe. Aliyepimwa alielezwa, akakubali, na jibu likabaki la matibabu. Hapo kipimo kimekaa mahali pake. Kinamwambia daktari: uliza tena, kwa upole zaidi, na chunga hilo ini.

Na maneno bado yana nafasi. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 yanayoitwa AUDIT, ya kumpima mtu uhusiano wake na pombe. Yalitengenezwa kwa utafiti wa nchi 6, na Kenya ni mojawapo ya hizo sita. Watu wetu walikuwemo tangu mwanzo. Ukipata alama 8 au zaidi kati ya 40, unahitaji kuzungumza na mtu wa afya. Hayahitaji sindano wala kikombe. Yanahitaji kitu kimoja tu, mtu unayemuamini kwamba hatakutangaza.

Kwa hivyo mama, ukimshuku mwanao, usimnunulie kipimo umvizie. Ukimvizia utapata jibu na umpoteze mtoto. Kaa naye, mwambie unaogopa, nenda naye kwa daktari, na ukubali kutoka chumbani wakizungumza.

Dini yetu ilishalisema

Mimi si shekhe. Lakini niliwauliza wanaojua, na jibu lilinishangaza. Wanazuoni wa zamani walikuwa na alama yao ya pombe, nayo ni harufu ya mdomo. Wakajadiliana: mtu akinuka pombe, ahukumiwe? Imamu Malik aliikubali harufu kama ushahidi. Lakini katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu Kenya tunayafuata, harufu peke yake haitoshi, wala matapishi hayatoshi. Inatakiwa mtu akiri mwenyewe, au mashahidi wawili. Kwa nini? Kwa sababu huenda alilazimishwa, huenda alikosea, huenda alisukutua tu. Pakiwa na shaka, adhabu inazuiwa.

Karne nyingi kabla ya maabara, walishaona tofauti kati ya alama na kitendo, na kati ya kitendo na kusudi. EtG ni harufu iliyopimwa kwa mashine. Mashine imeongeza ukali wa pua. Haijaongeza ujuzi wa moyo wa mtu. Na kupelelezana kumekatazwa katika Sura Al-Hujurat, hakuna asiyejua. Anayesambaza karatasi ya ugonjwa wa mwenzake akisema anakemea maovu, ajiulize ovu lipi hasa analolikemea.

Sasa, wewe ufanye nini?

Kwanza ujue ulichonacho. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha yako, pamoja na habari zako binafsi kutotakiwa wala kufichuliwa bila sababu ya lazima. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa yako kabla ya huduma na inalinda siri yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Una haki ya kuambiwa zitatumika vipi, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa za uongo au za kupotosha. Ukidhulumiwa, unalalamika kwa Kamishna wa Data, na sheria inasema malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inataja ulevi kama kosa kubwa pale mtu anapolewa saa za kazi mpaka asiweze kuifanya kazi yake sawasawa. Na kifungu cha 41 kinasema kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama, na akusikilize. Kuonyeshwa karatasi na mlango siyo kusikilizwa.

Pili, ukiletewa kikombe, usigombane. Uliza maswali haya sita, na uandike majibu:

1. Mnapima nini hasa, pumzi, EtG, PEth au nini, na kwa sababu gani?

2. Mstari wenu ni namba ngapi, na namba yangu ni ngapi? Neno peke yake bila namba usilikubali.

3. Jibu la kwanza limethibitishwa kwa njia ya pili? Kijiti cha kuchovya ni cha kuchuja tu. Kuthibitisha ni kazi ya mashine inayoitambua molekuli yenyewe.

4. Sampuli ilifungwa mbele yangu? Ilipita mikono ya nani, ilikaa wapi, kwa baridi au kwa joto? Imebaki nusu ya kupimwa tena?

5. Kuna fomu ya kuandika dawa ninazotumia, ugonjwa nilionao, na vitu ninavyoshika kazini?

6. Nani atasoma jibu, litawekwa wapi, na litafutwa lini?

Wenye kampuni nao niwaambie, kwa sababu wawili walikuwepo na walisikiliza vizuri. Dereva mlevi ni hatari, na mna haki ya kulinda barabara na mali. Pimeni, lakini pimeni ulevi wa saa ya kazi. Kwa hilo pumzi kabla ya safari inafaa kuliko mkojo unaoeleza habari za siku tatu. Mtu akipatikana na alama, mpimeni tena, mumsikilize. Akiwa kweli ana shida ya pombe, anahitaji matibabu kabla ya barua.

Kijana aliishia wapi?

Tulimsaidia kuandika barua, ukurasa mmoja, bila matusi. Aliomba namba. Ikachukua wiki tatu ikaja: nanogramu 170. Mstari waliotumia ulikuwa 100. Kipimo cha kuthibitisha hakikufanywa. Aliitwa, akaenda na mwenzake wa kazini, akaeleza sanitaiza, kikohozi na madirisha. Kwa haki yao niseme, walimsikiliza, wakamrudisha. Leo yuko barabarani.

Sikudanganyi nikasema 170 inathibitisha kwamba hakunywa. Haithibitishi hilo, wala haithibitishi kwamba alikunywa. Hapo ndipo sayansi inapoishia, na mtu mwadilifu anapaswa kuishia hapo hapo. Kilichobaki ni kiapo chake na jinsi majirani walivyomjua miaka yote.

Lakini posa haikurudi. Binti ameshaolewa kwingine, Allah ambariki. Na ile picha bado iko kwenye simu za watu. Huenda iko kwenye yako. Kama unayo, ifute sasa hivi, kabla ya kuendelea na mambo mengine. Na kama uliituma kwa mtu, mtafute umwambie habari ilikuwa nusu. Hilo hutahitaji maabara wala mahakama kulifanya.

Allah atusitiri na awasitiri wetu, awaponye waliotekwa na pombe, na atupe ulimi unaosubiri ukweli. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukiona ujumbe huu una faida, mfikishie dereva, mwajiri na imamu wa msikiti wako.